Mtu Anayeosha Sabuni

"Huyu hatarudisha hata kijiko."

Ndivyo alivyosema tonton, kaka wa mama yangu, siku nilipokuwa nazunguka mtaa nikiazima vyombo vya kuanzia kazi. Wala hakunong'ona. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake mbele ya karakana yake ya kuziba pancha, kijiti cha meno mdomoni, na wenye pikipiki wanaongoja zamu wakimsikiliza.

"Mutu anatoka Kampala na diplome, alafu anaazima beseni!" akaendelea. "Bon. Na kazi yenyewe ni nini? Kuosha pneu, tairi! Pneu inakanyaga matope, inakanyaga mavi ya mbuzi, weye unaipaka mafuta. Kesho utapaka na soli ya kiatu yako."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa sababu mtu mwenye diploma hana haja ya kukasirika.

Mimi si mtu wa kujisifu bure. Najisifu kwa ushahidi. Niliondoka Kisangani mikono mitupu, nikafika Kampala nikaanza kwa kubeba ndoo za maji mahali pa kuoshea magari. Nikajilipia chuo mwenyewe, nikatoka na diploma yenye muhuri mwekundu: utunzaji wa magari, tawi la magurudumu. Katika mji wetu wapo waliosoma sheria, wapo waliosoma udaktari, na Yangambi huko, kwenye chuo cha kilimo, wamejaa waliosoma mpunga na migomba. Aliyesoma magurudumu ni mimi peke yangu, na mpaka leo sijasikia wa pili.

Tatizo lilikuwa sanduku langu. Ndani yake mlikuwa na brashi za kila namna, sponji, vitambaa na chupa zenye vidomo, vyote vimepangwa kwa mkono wangu. Nililipakia kwenye lori la mizigo, na lori likazama kwenye tope mahali fulani kati ya Bunia na kwetu. Kila nikimpigia dereva aliniambia, "Wiki ijayo." Katika barabara ile wiki ijayo ni kijiji ambacho hakuna aliyewahi kukifikia. Nilikuwa nimepanda gari jingine nikiwa nimepakata vitu viwili tu: diploma, na dumu la dawa ya tairi, ile inayofanya tairi iwe nyeusi kama siku iliyotoka dukani.

Tonton alipoona sitetereki, akaweka sharti mbele ya watu wote.

"Sikia, mutoto ya dada. Kama utarudisha vyombo vya watu vyote, vizima, visafi, ile kona ya karakana yangu ni yako. Utatundika diplome yako pale ukutani, na mimi mwenyewe nitasema kuosha pneu ni kazi. Lakini kama kitu kimoja kinapotea ao kinaharibika, diplome tunaitundika kwa nyumba ya kuku."

"Nakubali, tonton."

"Kuku watajifunza," akasema mwenye pikipiki mmoja.

Hivyo ndivyo diploma yangu ilivyowekwa rehani kwa ajili ya beseni.

Beseni lenyewe lilikuwa la tantine, mke wa tonton. Halikuwa beseni la kufulia. Lilikuwa la bati lililopakwa enameli nyeupe, na ua la buluu katikati. Mama yake alihamia nalo kwa mumewe, yeye akahamia nalo kwa tonton, na kila binti wa nyumba ile akiolewa, nguo zake hubebwa kichwani ndani ya beseni hilo kwenda kwa mume. Binti yake wa mwisho alikuwa ameshachumbiwa. Sijui kwa nini alinipa. Nadhani aliona kipaji.

"Nakupa," aliniambia, "lakini siku ya ndoa nalitaka jeupe. Na unajua mambo ya kwetu: chombo hakirudi kitupu."

Nilijua. Kwetu ukiletewa sahani ya wali, huirudishi sahani na hewa. Utatia ndimu, utatia pilipili, hata kama ni kitunguu kimoja. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba njaa yake haikuhusu.

Brashi niliiazima kwa papa mmoja, yaani mzee, fundi viatu, mtu wa Maniema mwenye maneno machache na macho makali. Pampu ya kubeba mgongoni, ile ya kunyunyizia dawa shambani, niliifuata Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa papa mmoja mkulima wa mpunga. Ilikuwa ya zamani, na ukiipampu ilirusha maji upande mmoja kama mbuzi mzee anayekojoa. Halafu nikarudi kwa tonton.

"Naomba na benchi."

"Hata benchi?"

"Mteja atakaa wapi?"

Alisimama akaniachia, akachukua tairi la lori akalikalia. Tangu siku ile alinitazama kutoka chini kidogo, na hilo halikumpendeza.

Kazi ikaanza. Sasa niseme jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata wale wanaojiita waosha magari kule kando ya mto. Gari likiondoka linameta, kazi haijaisha. Imefika nusu. Nusu ya pili ni kuosha vile ulivyooshea. Brashi iliyotoka kwenye tairi imebeba mchanga, vumbi la breki na dawa ya jana; ukiipeleka hivyo hivyo kwenye gari la pili, unamkwaruza mteja kwa uchafu wa mwenzake. Kwa hiyo mimi kila baada ya gari niliosha brashi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikachana nywele zake kwa vidole, nikaikung'uta, nikaitundika nywele zikitazama chini ili maji yasiingie kwenye mti wa kushikia na kuuozesha. Sponji, niliyoinunua mwenyewe sokoni, sikuisokota. Sponji ikisokotwa hupasuka moyo; hukamuliwa kwa kiganja, polepole, kisha huanikwa kivulini. Pampu niliisukuma maji safi mpaka yatoke bila povu, na mdomo wake nikauzibua kwa unyasi, kamwe si kwa waya. Dumu la dawa nililifuta shingo, nikalifunga, nikaliweka mbali na jua, na kabla ya kulitumia nikalitikisa. Mwisho kabisa niliisuuza hata sabuni yenyewe, kile kipande, maana sabuni iliyoshikwa na mkono wenye grisi huwa nayo chafu.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa jina.

"Njooni muone!" tonton alipiga kelele. "Anaosha sabuni! Batu wa dunia yote wanaoshea sabuni, huyu anaosha sabuni!"

Jina likaninata. Nikipita sokoni nilisikia, "Muosha-sabuni, maji yako unaoshea nini?" Hata watoto wa shule walilijua. Mimi niliitika kila mara, tena kwa kuinua mkono, kama mkubwa anayepita. Na wenye magari wakaanza kuja, kwanza kwa kunicheka, halafu kwa sababu tairi zao zilikaa nyeusi siku nyingi kuliko za wenzao.

Neno moja tu lilinitia wasiwasi: mafuta. Tonton aliiita dawa yangu mafuta. Nilimweleza tena na tena kwamba si mafuta. Ni nyeupe kama maziwa, inachanganyika na maji, hainati.

"Inapakwa?" akaniuliza.

"Inapakwa."

"Inang'arisha?"

"Inang'arisha."

"Alors, ni mafuta."

Huwezi kubishana na mtu kama huyo. Unaweza tu kumwonea huruma.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya ndoa. Asubuhi nilivuka mto kwenda Lubunga kwa mwenye pampu. Ule mpira mdogo wa ndani uliozuia maji ulikuwa umekwisha, nami nilitaka kuubadilisha, lakini kitu cha watu hakifunguliwi tumboni bila ruhusa. Brashi, sponji na beseni nilikuwa nimeviosha na kuvianika uani kwa tantine, tayari kwa kesho. Dawa ilikuwa chumbani kwangu, kivulini, na ufunguo mfukoni mwangu.

Wakati nikiwa kwenye mtumbwi, likaja jeep la upande wa bwana harusi, lile litakalombeba bibi harusi. Dereva alitaka magurudumu yapambwe. Yaliyofuata niliyapata kwa tantine, maana tonton mwenyewe hakuwa na hamu ya kuyasimulia.

Tonton alisema, "Mutoto hayuko, lakini kazi ni ya nyumba." Akachukua brashi, akachukua sponji, akavuta beseni. Akapaza sauti juu ya ukuta wa uani.

"Mama! Mafuta iko wapi?"

Tantine alikuwa na wanawake wenzake, moshi umejaa, samaki wanangoja kupakwa na kufungwa kwenye majani. Akauliza, "Mafuta gani?"

"Ya kupaka!"

Basi akampa ya kupaka. Akampa dumu zima la mawese.

Niliporudi nikitokea kivukoni niliwaona kwanza kuku. Walikuwa wamezunguka gari kana kwamba limemwaga mahindi. Kwenye gurudumu la nyuma mbwa wa jirani alikuwa analamba kwa makini, macho amefumba. Tairi zote zilikuwa za rangi ya machungwa. Tena tonton, akiona hazikauki, alikuwa amemwambia dereva azunguke mtaa kidogo zipate upepo, na barabara yetu ni udongo mwekundu. Zilirudi zimevingirishwa vumbi kama mikate iliyochovywa sukari.

Lakini si tairi zilizonishtua. Beseni lilikuwa chini pale, na ua la buluu halikuonekana. Mawese yalikuwa yamelijaa robo, sponji inaogelea ndani kama samaki, na brashi ya fundi viatu imesimama juu ya nywele zake, imelowa mpaka kwenye mti.

Tonton alikuwa amekaa kwenye tairi lake la lori.

"Mafuta yako ni mubaya," akaniambia. "Inavuta wanyama."

Tantine akatoka uani na mwiko mkononi. Akatazama beseni, akatazama jeep, akamtazama mumewe.

"Weye," akasema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya tantine ni mbaya kuliko kubwa, "unamuoza mutoto yako ao unamukaanga?"

Tonton akasimama haraka. "Naleta essence! Essence inatoa kila kitu."

"Hapana petroli," nikasema.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Ni sauti ya diploma. Nikawaeleza: petroli italegeza gundi inayoshika nywele za brashi, itaila sponji, na harufu yake itakaa kwenye beseni, na kesho nguo za bibi harusi zitanuka kama stendi ya pikipiki. Wote wakanitazama. Hata mbwa aliacha kulamba.

Nikaagiza majivu makavu ya jikoni. Nikayamwaga mawese yaliyobaki, nikanyunyiza majivu kwenye beseni, kwenye brashi, kwenye tairi, yanywe mafuta kwanza. Mafuta yakikutana na maji kabla ya kukaushwa, hukimbia tu kutoka huku kwenda kule. Halafu maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, na sabuni nyeusi ile ya kienyeji. Brashi nikaichana kwa vidole, nikaiosha, nikairudia mpaka povu likawa jeupe. Sponji nikaikamua kwa kiganja. Na sabuni nikawa naisuuza kila mara, mbele ya watu, na siku ile hakuna aliyecheka.

Magurudumu yakawa meusi tena. Brashi ikarudia rangi yake. Beseni likawa safi ukilipapasa, linalia chini ya kidole, lakini halikuwa jeupe. Lilikuwa la manjano kama jino la mvuta tumbaku.

"Imekufa," akasema tonton. Nikamwona anautazama ukuta wa banda la kuku, na kusema kweli hakuonekana kufurahi.

"Haijafa. Inataka jua."

Kila mtu aliyekulia Kisangani amewahi kumwagia mawese shati la shule, na anajua kwamba rangi ya mawese haipendi jua. Jua huila. Kampala hawakunifundisha hilo, lakini hakuna diploma inayokataza mtu kukumbuka utoto wake. Tatizo ni kwamba Kisangani jua haliajiriwi. Mawingu yalikuwa yanapita, kipande cha jua kinatua hapa, kinahamia pale. Nami nilikuwa na jeep la kupaka dawa ya kweli.

"Tonton," nikamwambia, "beba beseni. Fuata jua."

"Mimi?"

"Weye!" akasema tantine, mwiko umeinuliwa.

Basi mtaa mzima ulimwona tonton, mziba pancha mashuhuri, akizunguka na beseni la harusi mikononi, akilielekeza juu kama anaomba mvua ya fedha. Jua likiwa mbele ya duka la simu, yuko mbele ya duka la simu. Likihamia kwenye mgomba wa jirani, naye yuko huko.

"Papa, beseni iko na nini?" wakamwuliza.

"Iko na homa," akajibu bila kugeuka.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya jeep na sponji yangu. Nilitia dawa kidogo kwenye sponji, kamwe si moja kwa moja kwenye tairi, nikapaka kwa mzunguko, nikangoja inywe, nikafuta iliyozidi kwa kitambaa. Dawa isiyofutwa hurushwa gurudumu likizunguka, na gauni la bibi harusi halina mzaha na madoa. Dereva alitazama akasema tu, "Ah. Sasa hii."

Tonton alirudi jua likiwa linaelekea upande wa mto. Aliliweka beseni miguuni pa tantine. Ua la buluu lilikuwa limekaa kwenye weupe mtupu.

Asubuhi ya ndoa tantine alikuja kwangu akiwa amevaa kitenge kipya. Nilikuwa sijapata cha kutia ndani ya beseni, na nilimwambia wazi kwamba silirudishi tupu.

"Hata mimi silichukui tupu," akasema. "Bon. Leo naliazima kwako. Utaniazima beseni yangu?"

Nikamwazima. Nilimwambia alirudishe safi. Alinipiga kofi la bega, akaenda nalo. Lilipita barabarani kichwani kwa dada wa bibi harusi, limejaa nguo, jeep nyuma yake na tairi nyeusi kama usiku, na hakuna hata kuku mmoja aliyelifuata. Jioni beseni lilirudi kwangu na sahani kubwa ya pilau ndani yake, imefunikwa kwa jani la mgomba, maana chombo hakirudi kitupu. Nilikula nikijiambia kwamba ni wachache waliopata kulipwa pilau kwa kuazima kitu kisicho chao.

Wiki ijayo nayo ikafika, siku nilipokuwa nimeshazoea kwamba haifiki. Lori liliingia mjini limevaa matope mpaka kwenye kioo, na sanduku langu likashuka zima. Niliosha kila kilichokuwemo, ingawa kilikuwa kipya. Kesho yake nikaanza kurudisha.

Kwanza Lubunga. Nilivuka na pampu mgongoni, abiria wa mtumbwi wakiniuliza kama nimeajiriwa kunyunyizia mto dawa. Mwenye pampu aliitikisa akasikia maji.

"Umeniletea maji? Mimi naishi kando ya mto!"

"Pampu, papa. Ifungue."

Akapampu. Ukatoka ukungu mwembamba, ulio sawa pande zote, ukatua kwenye uso wake wote. Nilikuwa nimetia mpira mpya, nimeukata mwenyewe kutoka tairi la ndani la pikipiki. Kwenye mkanda nilikuwa nimemfungia pakiti ya chumvi. Alijifuta uso, akaitazama pampu kama mtu anayemwona mke wake siku ya sikukuu.

Kisha fundi viatu. Brashi haina tumbo la kutiliwa kitu, na jambo hilo lilinisumbua usingizi, mpaka nikakumbuka kwamba ina nywele. Nilizichomeka humo sindano mpya za kushonea viatu. Yeye akaipitisha brashi kwenye kiganja kama kawaida yake.

"Aaa! Umekuja kuniua!"

Halafu akaziona. Akazichomoa moja moja, akazipanga kwenye upindo wa shati lake, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno ya mtu yule.

Beseni lilirudi kwa tantine limepangwa miche ya sabuni mpaka ukingoni. Alichukua mche mmoja akaunusa. "Umeiosha hii?" akaniuliza, na kabla sijajibu akaanza kucheka peke yake.

Likabaki benchi. Nililiosha kwa brashi yangu mwenyewe kutoka kwenye sanduku langu, nikalikausha, nikalibeba begani mpaka pale karakana, wenye pikipiki wakingoja zamu kama siku ile ya kwanza. Nikaliweka mahali pake. Tonton akatoka kwenye tairi la lori, akalizunguka, akapitisha kidole chini ya ubao, akakitazama kidole. Akakaa. Akainuka kidogo, akajikagua nyuma ya suruali. Safi. Akakaa tena.

"Bon," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kuosha pneu ni kazi. Musumari wa diplome iko kwa kisanduku." Halafu akakunja uso, akawatazama watazamaji wake, akanigeukia. "Lakini ngoja. Chombo hairudi kitupu. Pampu ilirudi na chumvi, brosi na sindano, beseni na sabuni. Hii benchi yangu imerudi na nini?"

"Imerudi na wewe, tonton."